Batiki ya Jawa: ya kalamu, ya mhuri au ya mashine?

Soko la Beringharjo, mji wa Yogyakarta, kisiwani Jawa, Indonesia, saa nne asubuhi. Muuza nguo amenitandazia vitambaa vitatu mezani, vyote vina ua moja: kawung, yale mayai manne manne yaliyopangwa kama tunda lililopasuliwa katikati. Rangi ni ile ile, kahawia juu ya rangi ya maziwa. Ukirudi nyuma hatua tatu huwezi kuvitofautisha. Cha kwanza rupia elfu sitini. Cha pili laki mbili na nusu. Cha tatu milioni moja na laki nane, na hicho bei yake aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja mahari.

Rupia milioni moja ni kama shilingi laki moja na nusu na ushei za Tanzania. Kwa hiyo kitambaa cha kwanza hakifiki bei ya doti nzuri ya kanga, na cha tatu kinakaribia laki tatu. Ua moja, rangi moja. Tofauti yote iko kwenye namna rangi ilivyofika pale.

Mimi batiki niliijua uani kwa shangazi yangu Tabata kabla sijaiona Jawa. Sufuria ya nta juu ya jiko la mkaa, sponji iliyokatwa umbo la jani, bafta imetandikwa juu ya meza, na sote tunanuka mishumaa hadi jioni. Kanuni ni ile ile huko na huku: palipo na nta, rangi haipiti. Nilichokuwa sijui ni kwamba Jawa kanuni hiyo imezaa ngazi nzima ya vitambaa, kila kimoja na bei yake na mahali pake pa kuvaliwa. Watu wengi wanaoniuliza, iwe wanasafiri au wanaagiza kwa mtu, wanakwama hapo hapo: nichukue ipi?

## Tutapima kwa nini

Nitazipima zote tatu kwa mambo matano: mkono uliotumika na muda wake, namna ya kuitambua, bei, heshima yake kwa Wajawa wenyewe, na itadumuje ukishaileta nyumbani. Kisha nitasema inamfaa nani.

Kabla ya hapo, jambo moja la istilahi. Kiwango cha taifa cha Indonesia kinaihesabu batiki kuwa ni kazi iliyozuiwa rangi kwa nta ya moto, iliyowekwa kwa kalamu ya nta au kwa mhuri. Ya mashine haimo. Wenyewe huiita nguo yenye maua ya batiki, si batiki. UNESCO nayo ilipoiandika batiki ya Indonesia kwenye orodha ya urithi wa binadamu, tarehe 2 Oktoba 2009, iliandika ufundi na desturi zake, kuanzia mbeleko ya mtoto hadi kitambaa cha kufunikia maiti. Tangu hapo kila tarehe 2 Oktoba ni Siku ya Batiki nchini kote, na ofisini utaona watu wamevaa zote tatu bila kuulizana.

## Ya kalamu (tulis)

Mkono na muda. Tulis maana yake kuandika, na kalamu yenyewe ni canting, hutamkwa "chanting": kikopo cha shaba kidogo kama ncha ya kidole gumba, chenye mdomo mwembamba na mpini wa mwanzi. Kijiji cha Giriloyo, kusini mwa Yogyakarta, karibu na makaburi ya wafalme ya Imogiri, nilikaa kigodani pembeni ya bibi mmoja ambaye kila aliyepita alimwita Ibu, yaani mama. Anachota nta, anapuliza mdomo wa canting usizibe, anauangalia kwa nukta moja tone lisidondoke, ndipo anagusa kitambaa. Mstari wa urefu wa kidole. Anachota tena. Kitambaa kimetundikwa kwenye fremu ya mwanzi, na kiganja chake cha kushoto kinakiegemeza kwa nyuma. Saa nzima niliyokaa pale alijaza eneo la kisahani cha chai, huku anapiga soga na wenzake watatu waliozunguka jiko moja.

Na hiyo ni nta ya kwanza tu. Kitambaa kikimalizwa upande mmoja hugeuzwa, mistari ikafuatwa upya kwa nyuma. Panapotakiwa kubaki peupe hufunikwa nta nzito. Ndipo kinachovywa kwenye nili mara nyingi mpaka bluu ikolee. Kisha nta hukwanguliwa pale panapotakiwa kahawia, bluu ikafunikwa, kitambaa kikachovywa kwenye soga, yaani rangi ya kahawia, na mwisho kikachemshwa nta yote itoke. Soga ya asili ni magome ya miti. Mmojawapo huitwa tingi, nao si mwingine ila mkandaa, ule ule unaoota kwenye mikoko ya Rufiji na Lamu. Mafundi wengi leo hutumia rangi za viwandani, na anayetumia magome atakwambia kabla hujauliza, kwa sababu bei itakuwa imepanda.

Kazi ya kawaida huchukua wiki kadhaa. Iliyo safi sana hupita miezi, na si ajabu ikapita nusu mwaka.

Utaijuaje. Tafuta makosa. Ndani ya maua mna vitone vya kujazia, mamia kwa mamia, na mkono wa binadamu hauwezi kuvilinganisha. Kimoja kimenenepa, kingine kimekimbilia mstari. Chukua maua mawili yaliyo mbali uyafananishe, utakuta ni ndugu, si pacha. Kisha geuza. Tulis nzuri haina nyuma, maana pande zote mbili zimeandikwa. Na inuse: nta huacha harufu yake hata baada ya kuchemshwa, kitu kati ya asali na moshi.

Bei. Kipande kizima cha kuvaa, kama mita mbili na nusu kwa moja na sentimita chache, huanzia laki kadhaa za rupia kwa kazi nyepesi ya pamba na kupanda hadi mamilioni. Hariri na rangi za miti hupandisha zaidi. Ukiambiwa tulis kwa elfu themanini, mshukuru muuzaji uendelee na safari.

Heshima. Hiki ndicho kitambaa cha harusi, cha kurithishana, cha kufungua kabati mara mbili kwa mwaka. Mwanamke wa Kijawa mwenye mimba ya miezi saba hufanyiwa sherehe ya kubadilishiwa vitambaa saba, na familia yenye tulis za bibi huzitoa siku hiyo. Wengi wao wataumia moyo wakikuona umeipeleka kwa fundi cherehani ikatwe shati. Si dhambi, na kuna mafundi wanaokata kwa akili wakalinganisha ua kifuani, lakini jua kwamba iliandikwa ivaliwe nzima.

Kudumu na matunzo. Inadumu vizazi ikitunzwa, na hapo ndipo wengi wanapochoka. Haitaki sabuni kali. Wajawa huifulia tunda liitwalo lerak, ambalo ukilisugua majini hutoa povu laini. Ukilikosa, tumia shampuu kidogo ya nywele. Ifue kwa mkono, usiikamue kwa kuisokota, ianike kivulini. Manukato yasiipate moja kwa moja. Kabatini weka punje za pilipili manga zilizofungwa kwenye kitambaa badala ya dawa ya nondo.

Inamfaa anayetaka kitu cha kuweka, anayempa mtu zawadi asiyotaka isahaulike, au anayejua atavaa kitambaa hicho kwa shughuli chache zenye uzito. Haimfai mwenye watoto wadogo na mashine ya kufulia.

## Ya mhuri (cap)

Neno hilo husomwa "chap", na ni ndugu wa chapa yetu. Maneno yote mawili yalivuka bahari kutoka Bara Hindi, moja likaenda mashariki, jingine magharibi.

Mkono na muda. Mhuri ni wa shaba: vipande vyembamba vilivyokunjwa na kuchomelewa pamoja hadi vikawa ua, ukubwa wa kigae kidogo cha ukutani, wenye mpini mgongoni. Kazi hii kwa kawaida ni ya wanaume, kama ile ya canting ilivyo ya wanawake zaidi. Fundi anagandamiza mhuri kwenye sinia bapa lenye nta ya moto, anaukung'uta, anaupiga kitambaani. Unasikia mlio mfupi wa kubandua, kisha hatua moja kulia, tena. Karakana nzima inakwenda kwa mdundo huo. Fundi mzoefu hutia nta vitambaa kadhaa kwa siku moja, ingawa kupaka rangi na kuchemsha kunabaki kama kwa tulis.

Mhuri ulianza kushika Jawa katikati ya karne ya 19, wakati nguo za kuiga batiki kutoka viwanda vya Ulaya zilipokuwa zinamwagwa sokoni kwa bei ya chini. Ulikuwa jibu la wenyeji, na ulileta utajiri. Tembea mtaa wa Laweyan mjini Solo uone kuta ndefu za nyumba za wafanyabiashara wa batiki. Mmoja wao, Haji Samanhudi, alianzisha umoja wa wafanyabiashara Waislamu wa batiki, ambao mwaka 1912 uligeuka Sarekat Islam, chama cha kwanza cha siasa kuvuta umma mkubwa katika koloni lile la Waholanzi. Anayesema ya mhuri ni batiki ya pili hajapita Laweyan.

Utaijuaje. Tafuta maungio. Mhuri hujirudia, kwa hiyo kila baada ya shubiri moja hivi ua lile lile linarudi na kasoro yake ile ile. Ukikuta jani moja limekatika ncha, tafuta mwenzake shubiri ya pili: nalo limekatika. Pale mihuri miwili inapokutana huwa kuna mstari uliopishana kwa nywele. Mistari ina unene mmoja. Nyuma rangi imepita, lakini mara nyingi imefifia kidogo kuliko mbele.

Bei. Kutoka laki moja na kitu hadi laki chache. Hapa ndipo shilingi elfu arobaini au hamsini za Kitanzania zinakupa batiki ya nta ya kweli, na sijaona mahali pengine pesa hiyo inapofanya kazi kama hapa.

Heshima. Ni batiki kamili kwa sheria na kwa macho ya watu. Utaenda nayo kazini, msikitini, kwenye karamu, hata kwenye harusi ya mtu kama mgeni, bila mtu kukutazama mara mbili. Ila ukiwa wewe ndiye bibi harusi, mama mkwe atageuza pindo aangalie nyuma.

Kudumu na matunzo. Rangi imeingia ndani ya uzi, kwa hiyo haipauki upesi kama ile iliyokaa juu. Kufua ni kama tulis kwa miezi ya mwanzo, maana nili na rangi nyekundu hutoka maji. Baada ya hapo unaweza kulegeza masharti. Na fundi cherehani ataipenda: ua linalojirudia kwa kipimo ni rahisi kulilinganisha mfukoni na kwenye vifungo.

Inamfaa mtu wa shati, gauni, kitambaa cha meza, na kila anayetaka kuvaa batiki mara kwa mara badala ya kuiangalia.

Kuna pia ya kuchanganya: mhuri umechora umbo kubwa, kisha mkono ukajaza vitone kwa canting. Ni njia nzuri ya kupata uhai wa kalamu kwa bei ya katikati, ili mradi muuzaji aseme hivyo. Wizara ya Viwanda ya Indonesia ina lebo iitwayo Batikmark: maandishi ya dhahabu kwa tulis, ya fedha kwa mhuri, meupe kwa ya kuchanganya. Warsha nyingi ndogo za vijijini hazina lebo hiyo na kazi yao ni safi, kwa hiyo ikiwepo ikusaidie, isipokuwepo usiifanye hukumu.

## Ya mashine

Mkono na muda. Hakuna nta. Ua huchapwa kwa fremu za hariri au kwa mashine za kiwandani, mita nyingi kwa dakika chache, juu ya pamba, reyoni au poliesta.

Kabla hujaidharau, fungua kabati lako. Vile vitenge tunavyoviita waksi vimetokana na jaribio la Waholanzi kuiga batiki ya Jawa kwa mashine. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, ambayo mpaka leo jina lake liko kwenye pindo za vitenge ghali ilianza mwaka 1846. Walitumia utomvu badala ya nta, na rola badala ya mikono. Utomvu ulipasuka, rangi ikapenya kwenye nyufa, kitambaa kikawa na mishipa midogo. Jawa mishipa ile ilionekana ni uchafu wa kazi. Afrika Magharibi waliipenda, na baadaye ikaenea bara zima. Kwa hiyo sisi wenyewe ni watoto wa batiki ya mashine, na tumeipa majina, tumeifanyia sare za harusi, tumezikana nayo. Heshima ya nguo haitoki kwenye karakana peke yake.

Utaijuaje. Geuza. Nyuma mara nyingi ni nyeupe au imepauka waziwazi. Maua ni pacha kabisa, hata vitone vyake. Harufu ni ya dukani. Lakini jihadhari, mashine za sasa zinajua kuchapa hata nyufa za nta na vitone vya kukosea, na kuna rangi zinazopenya mpaka nyuma.

Mimi niliumia hapo hapo. Duka moja la mtaa wa watalii liliniuzia "tulis" kwa rupia laki tisa, ndani ya fremu, chini ya kioo. Nyuma sikuiona kwa sababu ya fremu. Nilipofika nilikofikia nikaifungua, na nyuma yake ilikuwa nyeupe kama bafta. Niliporudi muuzaji alinieleza kwa upole kwamba alisema "ua la tulis". Tangu siku ile sinunui kitambaa nisichoweza kukigeuza, kiwe ndani ya kioo au kimeshonewa bitana. Kitambaa chenyewe hakikuwa kibaya. Kwa elfu sitini ningekichukua nikicheka.

Bei. Elfu makumi kadhaa za rupia. Ukitaka thelathini za kwaya, hesabu inakubali.

Heshima. Kila siku, na hilo si dogo. Sare nyingi za shule na ofisi huko ni za mashine, na mtoto anayekwenda shule na batiki ya mashine amevaa ua lile lile alilovaa babu yake. Wanaolalamika ni mafundi wa nta, na wana haki: soko likijazwa za mashine zinazouzwa kwa jina la batiki, kijana wa Giriloyo hatakaa kigodani.

Kudumu na matunzo. Itupe kwenye mashine ya kufulia, ianike, ipige pasi. Ikiwa ya pamba nzuri itakaa miaka kadhaa, ikiwa ya rangi ya juu juu itapauka kwenye mikunjo kwanza.

Inamfaa mwenye sare nyingi za kushona, mzazi wa watoto wanaokua, msafiri mwenye begi dogo na zawadi kumi na tano za kugawa.

## Bara au pwani?

Ukishajua namna ya kazi, linabaki swali la ladha, na hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati, kwa sababu Wajawa wenyewe huzigawa batiki kama sisi tunavyojigawa: za bara na za pwani.

Za bara ni za kasri, Yogyakarta na Solo. Ufalme wa Mataram uligawanywa mwaka 1755 kwa mkataba wa Giyanti, na batiki ikagawanyika nao. Yogyakarta walishika weupe mkali na kahawia nzito na bluu iliyokaribia weusi. Solo walishika rangi ya maziwa yaliyoiva na kahawia ya asali. Maua yake yametulia, yana mpangilio, na kila moja lina adabu zake. Ukizoea kanga unaweza kuziona hazina neno. Zina maneno, ila yamefichwa kwenye ua badala ya kuandikwa chini.

Za pwani zimechangamka kama mji wa bandari. Pekalongan wana mashada ya maua ya Kizungu waliyoyaleta wanawake wenye asili ya Kiholanzi waliokuwa na warsha pale, na baadhi yao, kama Eliza van Zuylen, walitia sahihi kwenye kitambaa. Mji huo una pia mtaa wa Waarabu wa Hadhramaut, watu wa asili moja na familia nyingi za Lamu, Mombasa na Unguja. Lasem, mji wa Wachina wa zamani, unajulikana kwa wekundu wake, ambao wenyewe huuita damu ya kuku. Cirebon wana mega mendung, mawingu ya mvua yaliyopangwa tabaka kwa tabaka, bluu hafifu hadi bluu nzito. Kuna na kitambaa kiitwacho tiga negeri, miji mitatu: nyekundu ilitiwa Lasem, bluu Pekalongan, kahawia Solo. Kilisafiri kuliko wengi waliokivaa.

Ninayependa mimi ni pagi-sore, yaani asubuhi na jioni. Kitambaa kimoja, maua mawili yanayokutana kwa mshazari katikati. Asubuhi unavaa upande mmoja nje, jioni unageuza. Iliheshimiwa sana miaka ya vita, Wajapani walipoitawala Jawa na pamba ikawa adimu.

Kwa ngozi na jua letu nasema hivi, na ni ladha yangu tu: za pwani hupendeza mchana na kwenye gauni, za Solo hupendeza jioni na kwa mwanamume aliyetulia. Nyeupe ya Yogyakarta inataka mtu asiyekula mchuzi.

## Usilivae bila kujua jina

Hapa sitaeleza yote, lakini machache yanaweza kukuokoa na aibu ukialikwa.

Parang, ile mistari ya mshazari kama mawimbi au visu, ilikuwa ya ukoo wa kifalme. Sultani wa Yogyakarta alipiga marufuku watu wa kawaida kuivaa mwaka 1785. Mtaani leo inavaliwa na yeyote, lakini ukienda ndani ya kasri, ivue kichwani mwako mapema, chagua nyingine. Harusini pia wazee hawaipendi, wanasema huleta ugomvi kwa maharusi. Truntum, vinyota vidogo kwenye giza, huvaliwa na wazazi wa maharusi. Husimuliwa kwamba malkia mmoja wa Solo aliyesahauliwa na mumewe aliianza kwa upweke, mfalme akapita kila siku kuangalia imefika wapi, mpaka penzi likachipua upya. Sido mukti ni ya maharusi wenyewe. Slobog ni ya msiba, na muuzaji wa mtaa wa watalii hatakwambia hilo.

Mega mendung, mashada ya Pekalongan na sekar jagad, ile yenye vipande vya maua tofauti kama ramani, hazina masharti. Ukiwa na wasiwasi, chukua mojawapo.

## Kwa hali yako

Kama umealikwa harusi ya Kijawa na unakwenda kama mgeni, ya mhuri inatosha kabisa. Weka akili kwenye ua kuliko kwenye bei: parang iache, slobog iache. Kama wewe ni wa upande wa wenye shughuli, usinunue peke yako, maana familia huwa imeshachagua.

Kama unatafuta shati la kazini, mhuri tena, pamba, na nunua kipande kizima ili fundi apate nafasi ya kulinganisha ua. Nelson Mandela alizuru Indonesia mwaka 1990, akaonja mashati haya, na baadaye wanaume wengi wa bara hili walijua kwamba tai si lazima. Ukipata ya mashine yenye pamba nzuri na huna muda wa kufua kwa mkono, ichukue. Hakuna bosi atakayeligeuza shati lako.

Kama ni zawadi kwa mzee, mkwe au mwalimu, na pesa ipo, chukua tulis moja ndogo kuliko mhuri tatu kubwa. Skafu ya tulis ina bei nafuu kuliko kitambaa kizima na kazi ni ile ile. Andika kikaratasi: jina la ua, kijiji, namna ya kuifua.

Kama ni sare ya kikundi, ya mashine, bila kusitasita, na mlipe bei ya mashine.

Kama unataka kuweka akiba ya urithi, usinunue siku ya kwanza. Nenda makumbusho ya Danar Hadi kule Solo au makumbusho ya batiki Pekalongan ukazoeze jicho, kisha nenda kijijini ukanunue kwa mwenye canting. Uliza ameifanya kwa muda gani. Atakuonyesha na kitambaa kingine ambacho hajamaliza.

Na kama wewe ni mtu wa batiki za nyumbani, mwenye sufuria na bafta yako, nunua kipande kimoja cha mhuri cha kusoma maungio yake na canting za kujaribia, ni bei ya soda chache. Mimi kutoka ile meza ya Beringharjo nilichukua cha laki mbili na nusu, nikakishona gauni. Shangazi nilimletea canting tatu zenye midomo tofauti. Alizijaribu siku nzima, akaziosha, akarudi kwenye sponji yake. Mbili zimeziba nta, ya tatu inakaa kwenye kikombe cha kalamu karibu na daftari la wadeni.